Breki Inayokataa Mguu

Tangu daktari anikataze kuendesha, baada ya kuzimia nikiwa kwenye usukani, nyumba imenibana kama kiatu kipya. Nimeendesha lori maisha yangu yote. Mtu akiniambia "pumzika, mzee," natamani kumzaba kofi.

Binti yangu, fundi viatu, akaniletea usukani wa mchezo wa magari, ule wa kuchomeka kwenye televisheni, pamoja na pedali zake. Nikakanyaga breki. Ikazama mpaka chini bila ubishi.

"Hii breki au mto wa kulalia?"

"Baba, ni mchezo tu."

"Basi wape watoto."

Lakini sikukubali uondoke. Kila alasiri nilikaa pale, nikipitiliza kona na kuingia majanini, huku nikilikumbuka lori langu.

Jumapili akaja na kisanduku chake cha kazi. Akafungua pedali, akatoa springi, akaniuliza breki ya lori ilikuwaje.

"Mwanzo inakubali kidogo. Kisha inakataa. Ukitaka lori lisimame, weka mguu mzima."

Akakata kandambili kuukuu, akapachika kipande chake palipokuwa na springi. Laini mno. Akaweka soli ya buti. Nikawa kama nakanyaga ukuta. Nikamkaripia, naye akanikaripia. Ukali kaurithi kwangu. Mwishowe akavipanga vyote viwili, kandambili mbele, soli nyuma.

Nikashika usukani. Kona ikaja kwa kasi. Nikakanyaga: ikakubali kidogo, kisha ikakataa. Na mkono wangu wa kushoto ukachomoka wenyewe, ukanyooka pembeni, hewani.

Hapakuwa na mtu. Safari zote ndefu, marehemu mke wangu alikaa upande huo, na kila nilipofunga breki nilimkinga hivyo. Hakuwahi kunishukuru. Aliusukuma mkono, akifoka kwamba yeye si gunia. Miezi yote hii nilidhani nalililia lori.

Binti yangu aliutazama mkono ule. Akavuta kigoda, akaketi kushoto kwangu.

"Endesha, baba."

Nikaendesha. Kona ikaja, nikafunga breki, mkono ukaenda, ukampiga begani. Akausukuma.

"Toa mkono, mimi si gunia," akasema.

Mbele barabara ilikuwa nyoofu, haina gari hata moja. Nikafunga breki tena.