Kiganja Utosini

Kwa jina la Mola ajuaye siri za vifua naanza, na watu niwapange: Mayu Milembe, mama mtu, Salu, mwanawe mkubwa, na Bujiku, mdogo mtu. Wote wa Bariadi.

Biashara ya pamba ilipoachiwa watu binafsi, kampuni moja ilimteua Bujiku kwenda Laos kutafuta wanunuzi. Salu, aliyewahi kufika huko enzi za ushirika, aliona amenyang'anywa nafasi yake.

"Kaka, nifundishe desturi zao," Bujiku alimwomba.

"Vua viatu mlangoni," Salu alisema. "Usimwelekezee mtu nyayo. Salimu kwa kukutanisha viganja kifuani. Wali wao unanata, ule kwa mkono." Kisha, akijua vyema kwamba kwa Walao kichwa ni kitukufu na hakiguswi, akaongeza kwa upole: "Mzee wa nyumba mwekee kiganja utosini. Ndiyo heshima kuu."

"Kama baba alivyokuwa akitubariki?"

"Vivyo hivyo, mdogo wangu."

Bujiku alirudi bila mkataba, akafukuzwa kazi. Wiki ile ile Salu alivaa suti, akaenda kuiomba nafasi. Meneja akamsomea barua ya mzee wa Laos aliyewekewa kiganja utosini: kijana alikuwa amelia kwa aibu, akaeleza kwamba alifundishwa na kaka yake aliyewahi kufika kule. Hawakumtaka mwanafunzi wala mwalimu.

Bujiku akahamia Lingeka, mbali na kwao, kuchunga ng'ombe. "Salu akifa msiniite," alimwambia mama yake.

Ewe Mola, mbariki Mayu Milembe na wote waliobaki katika nyumba ile, uwape subira.