Inshallah ya Tajiri

Mke wangu aliniaga kwa methali: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Nililifumba, lakini nikabaki nachungulia, maana mimi simwamini mtu mpaka nimwone akianza kula alichonipakulia.

Duka nililokwenda kushonea ugenini lilikuwa na vyerehani vitatu, meza ya kukatia, na pazia nene katikati. Wanawake walipimwa nyuma ya pazia na mke wa tajiri wangu, naye akinitajia vipimo kwa sauti: bega, kiuno, urefu. Mimi kumpima mwanamke wa watu ni mwiko huko. Niliheshimu. Ila nilipozima cherehani na wao wakanyamaza, nilijua nasengenywa.

Kilichoninyima usingizi hasa ni pasipoti. Tajiri aliichukua siku niliyofika, akisema sheria inataka mgeni aandikishwe polisi. Alikijua Kiswahili kwa kuajiri mafundi wa kwetu. Kila nikimuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Kesho, inshallah."

Jamani, mimi ni fundi cherehani. Kwetu mteja akifuata nguo nasi hata kitambaa hatujakikata, tunamwambia kesho inshallah, naye huondoka akijua kakataliwa kwa adabu. Leo nadanganywa kwa uongo wangu mwenyewe? Halafu nikamwona akinong'ona na mkewe, kisha wote wakanitupia jicho. Dalili ya mvua ni mawingu. Pasipoti imeuzwa, nikajiambia, na hapa nitashona mpaka nizeeke. Niliogopa sana.

Alipokwenda kuswali adhuhuri, nikatoka mbio hadi kituo cha polisi. Ofisa wa wageni alikuwa mtu wa makamo, naye alikijua Kiswahili kidogo. Nikamwambia tajiri wangu ni mwizi.

Hakuandika kitu. Aliniuliza kama nilimwona akiiba. Nikasema hapana, ila kila siku ananiambia inshallah, na inshallah maana yake sipati.

"Nani kakwambia?"

"Kwetu ndivyo."

"Kwa hiyo kwenu Mungu akipenda, hupenda kukataa tu?"

Akavuta droo, akaitoa pasipoti yangu. Alisema imechelewa kwa sababu mgeni hakai bila mdhamini, na tajiri alirudishwa tena na tena mpaka akaapa kwamba ananijua kuwa mtu mwema. Muhuri ulikuwa umegongwa asubuhi hiyo.

"Anakuja kuichukua sasa hivi," akasema. "Hapa kumwita mtu mwizi bila shahidi ni kosa. Msubiri, umwambie mwenyewe."

Tajiri aliingia akitabasamu, akaniita ndugu yangu, akidhani nimemtangulia kuja kuifurahia habari njema. Nikamwambia yote, macho yangu sakafuni. Ofisa akamuuliza kama anataka kunishtaki. Akatikisa kichwa, akanipa pasipoti kwa mkono wake.

"Shika, fundi," akasema. Kisha akamgeukia ofisa. "Udhamini wangu ufute. Siwezi kuapa tena kwamba namjua."