Hedi Mpya na Mguu wa Mama

Tangu Baba afariki, Mama alibaki na jambo moja tu la kumtoa kitandani. Kila asubuhi alitoka uani, akaipiga kiki pikipiki ya Baba, ile ya zamani inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili, akaiacha ingurume mpaka chai ichemke, kisha akaizima. Hakuna aliyeipanda. Moshi wa buluu ulijaa uani na nyumba yetu ya Kaloleni ikanuka Baba tena. Ndivyo walivyoishi: Baba akinywa chai, Mama akimwashia, ili aikute ina joto aende zake kazini kaunsili ya jiji. Mimi ninakaa Buruburu, lakini nikilala kwake mwisho wa wiki mngurumo ule ulinikuta katikati ya usingizi, na kwa muda sikujua nina umri gani, wala nani yu hai na nani hayupo. Niliupenda muda huo kuliko usingizi wenyewe.

Halafu hedi ikapasuka. Hedi ni kile kifuniko cha juu ya silinda, na kikiwa na ufa hewa inavuja. Pikipiki ilipiga chafya, ikanyamaza. Mama akarudi kitandani. Hakuwa mgonjwa. Nilipompigia simu saa sita mchana aliniambia bado amelala, kwani kuna nini cha kuamkia? Mimi si mtu wa kutishika ovyo, waulize wa ofisini kwetu, lakini jibu hilo lilinitisha.

Nikaipeleka pikipiki kwa Farid, fundi wa Jericho. Farid ana mikono mizuri na mdomo mzuri zaidi. Akaniambia hedi halisi hazitengenezwi tena, zimebaki za kuiga, na akaniwekea mbili juu ya gunia. Zilifanana kwa nje. Ndani, moja ilikuwa na kibakuli cha kina kifupi, nyingine kirefu kidogo. Kibakuli kikiwa kidogo, alinieleza, hewa na petroli vinabanwa zaidi kabla ya kuwaka, na nguvu inaongezeka. Akachukua bomba la sindano, akamimina oili ndani ya kila moja kupima ujazo wake, kisha ndani ya ile ya Baba iliyopasuka. Ya Baba ilimeza oili nyingi kuzishinda zote mbili. Tukacheka. Farid akasema imeliwa na uzee, nami nikakubali.

"Chukua hii fupi, Lorraine," akasema. "Ukiweka hii, Jogoo Road ni yako."

Nilichukua ile fupi. Pikipiki ya Baba ilikuwa kichekesho cha mtaa. Hata baiskeli ya muuza mkate iliipita, na watoto wenzangu waliniuliza kama inakula ugali. Niliposhika kile kipande kinachong'aa niliona kama nimeshika heshima ya Baba mkononi. Nilijiona namrudishia kitu alichonyimwa. Farid alipoiwasha, mlio wake ulikuwa mkali, safi, wa kijana, na nilifurahi mpaka nikamkumbatia na ovaroli lake chafu.

Asubuhi iliyofuata Mama alitoka uani. Alikuwa amefunga leso yake, amevaa viatu vya Baba kama kawaida yake. Akapiga kiki. Kikanyagio kilishuka nusu, kikagoma, kikarudi juu kwa kishindo na kumpiga kwenye muundi. Akajaribu tena, kikamrudisha nyuma, akashika ukuta. Nikamwambia aniachie mimi, nikaiwasha kwa pigo moja. Hakuitazama. Alikuwa ameketi kizingitini akijisugua mguu.

"Amenikataa," akasema kwa sauti ya chini. "Labda ananiambia nipumzike sasa."

Niliizima haraka. Mama hasemi maneno ya kutafutia huruma. Sikujua la kufanya, nikaleta ile hedi mbovu niliyokuwa nimeifunga gazetini, nimwonyeshe kwamba si Baba, ni kibakuli tu, kile cha zamani kikubwa na hiki kipya kidogo, kinachobana hewa mpaka kiki inagoma. Aliipokea, akapitisha kidole ndani polepole, kama anayepapasa utosi wa mtoto mchanga.

"Hii mikwaruzo ni tupa ya baba yako," akasema.

Ndipo akanieleza. Alikuwa na mimba yangu. Kiki ilimrudishia mguu namna ileile, akaanguka chali uani. Baba akamkataza kuiwasha tena, naye Mama akamjibu kwamba hakuolewa aje kukatazwa. Basi Baba akaifungua hedi, akaketi na tupa, akakikwangua kile kibakuli kikapanuka kidogo kidogo, hadi kikanyagio kikawa laini kwa mwanamke mjamzito. Wenzake kazini walimcheka kwa kuiua pikipiki nzima. Hakuwaambia sababu, wala hakuirudisha ilivyokuwa baada ya mimi kuzaliwa.

Nikalia pale pale, mikono inanuka petroli. Miaka yote ile ya kupitwa na baiskeli, na kumbe alikuwa amechagua.

Tulikwenda Jericho pamoja. Farid alimsalimia Mama kwa heshima zote, akamletea stuli, akasikiliza habari ile bila kuingiza neno, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akatoa ile hedi fupi, akachukua ya kina kirefu, na kuniwekea tupa mkononi. Aliuliza tutoe kiasi gani, akaelekea kwenye bomba lake la sindano. Mama akamwambia aliache, mguu utasema.

Nikapiga tupa, nikapitisha msasa, kwa sababu Farid alisema ncha yoyote ikibaki ndani itashika moto na kuiharibu pistoni. Vumbi la alumini likang'aa kwenye magoti yangu. Yeye akafunga, akikaza bolti kwa mshazari, Mama akapiga kiki, akatikisa kichwa. Tukafungua. Tukarudia, na tukarudia tena, na jua likahama kutoka upande mmoja wa banda hadi mwingine, na hakuna aliyekuwa na haraka. Kisha kikanyagio kikashuka hadi chini, taratibu, na ule mngurumo wa usingizini ukajaa banda zima. Mama akafumba macho. Farid akaanza kufuta mikono.

"Toeni tena kidogo," Mama akasema.

Farid akamweleza kwa upole kwamba tukizidisha itakuwa dhaifu kabisa, haitaweza kubeba mtu.

"Sitaki ibebe mtu. Huu ni mguu wa leo, mwanangu. Nataka na ule wa mwakani uiweze."

Farid akainama, akaanza kufungua bolti. Mimi nikashika tupa.