Tundu kwenye Ukuta wa Godefroid

"Vunja!" Germaine alimwambia mumewe, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukiuonyesha ukuta. "Papa Syntiche, vunja hii mur, mutoto iko mu njia!"

Godefroid alikuwa amejikunja chini ya kitanda cha gari-nyumba yao, tochi mdomoni. Gesi alishaifunga, maji alishayamwaga, nyaya alishazichomoa. Lakini tangi bovu la kupashia maji, alilotaka kulibadilisha, lilikataa katakata kupita ndani. Magari haya ya zamani ya Wazungu wasafiri yalitengenezwa hivyo: tangi hutolewa kwa nje, kupitia kimlango cha bati ubavuni. Na kimlango chenyewe, jamani, kilikuwa nyuma ya ukuta.

Ukuta aliujenga mwenyewe. Hapa mtaani Ruashi mtu akipata kiwanja huanza na ukuta. Nyumba itafuata Mungu akipenda. Godefroid, fundi mstaafu wa reli, aliubana ukuta kwenye ubavu wa gari ili wezi wasipate pa kupenya. Majirani walimsifu, naye akavimba kichwa. Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye alijenga ukuta, sasa anautafuta ufa. Tena ukuta huo ndio ulioliua tangi: lilikosa pa kutolea moshi, likajaa masizi.

Leo Syntiche, binti yao wa pekee, alikuwa anatoka hospitali na mtoto wake wa kwanza. Mzazi huja kuoshwa na mama yake kwa maji moto, ndiyo desturi. Lakini kichanga kilizaliwa kabla ya wakati, na daktari alikataza moshi wa makaa karibu naye. Mama Kavugho, mama mkwe wa Syntiche, tajiri wa duka la jumla, alikuwa amesema wazi: akikuta hakuna maji moto, anageuza gari, anakwenda nao kwake.

"Bantu batanicheka," Godefroid alisema akitoka.

"Bacheke! Mutoto akienda kule, tutamuonaka ku photo tu."

 Godefroid akachukua nyundo na patasi, akazungukia barabarani.

Pigo la kwanza lilimuuma yeye kuliko tofali. La pili akafumba macho. Kisha akazoea. Kimlango kilipotokea, alilegeza skrubu, akalivuta tangi la zamani, akasukuma mahali pake jingine alilolitoa kwenye karavani mbovu iliyolala gereji. Akaunganisha mabomba na nyaya, akafungulia maji na gesi, akapaka povu la sabuni kwenye viungo vya gesi. Povu likatulia: gesi haivuji.

"Washa, Mama Syntiche!"

Moto ukashika, puu!

Honi ikalia. Mama Kavugho alishuka, akalikodolea macho lile tundu.

"Papa Syntiche, ni bezi balivunja?"

"Hapana, mama. Ni miye mwenyewe."

Hakucheka. Aliingia, Syntiche akimfuata taratibu na kichanga kifuani. Godefroid alibaki nje, vumbi kichwani, akitega sikio. Alisikia maji yakimiminika kwenye beseni. 

"Mama Syntiche!" Mama Kavugho akapaza sauti. "Leta ya baridi, hii inaunguza! Na beseni ya mutoto iko wapi?"

Godefroid akakaa juu ya matofali yake, akacheka mpaka machozi.

Jirani Rigobert alipita na baiskeli, akasimama. "Mur imefanya nini, mukubwa? Utaziba lini?"

Godefroid alinyoosha viganja mbele ya tundu, pumzi ya joto ya tangi ikamgusa, na huko ndani mtoto akaanza kulia kwa nguvu.