Vigingi vya Katikati

Stanislas, mjumbe wa baraza la mtaa, aliamua kujaza nyumba uwanja mzima ambapo watu wa Élisabethville walikuwa wakilala wakati wa kilio cha msiba, akapigilia vigingi vya kupimia viwanja.

"Nyumba tunazitaka," Mama Régine alimwambia, "lakini katikati utuachie. Kilio tutafanya wapi?"

"Mu parcelle zenu, kila mutu kwake!"

Wiki ile dadake Régine akafa. Régine akaongoza waombolezaji, mikeka na kuni mikononi, hadi uani kwa Stanislas. Nani angethubutu kufukuza kilio?

"Baba, tuko bengi. Kwangu hakuna nafasi."

Asubuhi Stanislas aliruka miguu ya waliolala, akaenda kung'oa vigingi vya katikati ya uwanja.

"Mama, sasa mutahamia kule?"

Régine alisukuma kuni motoni.

"Kilio habahamishake. Ya kesho itaenda kule. Hii tunamalizia hapa."