Chifchaf wa Gwenda

Mke wangu Gwenda hakuweza tena kumsikia chifchaf, na mimi nilikuwa nimemficha jambo hilo kwa miaka miwili.

Chifchaf ni ndege mdogo, mwepesi kuliko barua ndani ya bahasha yake. Hufika pwani yetu ya Pembroke mwezi Machi, machipuko yanapoanza baada ya baridi, kabla ya wenzake, na hujitaja jina mwenyewe kwa sauti nyembamba: chif, chaf, chif, chaf. Wiki mbili tatu baadaye hufika ndege wa mierebi, anayefanana naye kama pacha, ila wimbo wake hushuka taratibu. Ndiyo maana daftari la ndege la kijiji chetu, lenye tarehe ya wimbo wa kwanza wa kila ndege, huandikwa kwa sikio, si kwa jicho. Gwenda amelishika miaka thelathini na moja.

Watu aliwasikia vizuri; sauti nyembamba ndizo zilizompotea bila yeye kujua. Alikuwa akiniuliza, "Emlyn, umesikia?" Ndege anaimba juu ya kichwa chake, nami namjibu, "Bado." Siku akimwona mwenyewe tawini ndipo nasema, "Huyo, ameimba sasa hivi, ulipogeuka." Anaandika tarehe kwa furaha.

Mwaka huu tulikaa nyuma ya ukuta wa bahari na chupa yetu ya chai. Alun wa posta akasimamisha baiskeli.

"Bi Gwenda! Kelele zote hizi nawe umetulia? Masikio umeyaacha kabatini?"

"Kelele gani, we mpuuzi?"

"Chifchaf! Tangu Jumatatu anatutoboa vichwa."

Gwenda akanigeukia. "Emlyn?"

"Anaimba," nikasema.

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana alianza wiki mbili kabla hujaandika. Mwaka juzi pia."

Alun akaondoka bila kuaga.

"Ungeniambia tu," Gwenda akasema. "Ningelia siku moja, yakaisha. Sasa umenifanya mwongo."

"Nilitaka ufurahi."

"Najua. Ndiyo maana sikupigi na hii chupa." Akaniegemea begani. "Haya, niimbie alivyoimba."

Nikaimba, vibaya. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Jioni alichukua rula na wino mwekundu. Daftarini alimpiga mstari chifchaf wa miaka yote miwili, kisha kila ndege wa sauti nyembamba aliyemwandika kwa kuniamini mimi. Akanisukumia daftari.

"Mwandiko wako mbaya," akasema, "lakini masikio unayo."

Alikuwa amefuta mistari kumi na tisa ya machipuko mawili, na kunikabidhi kazi aliyoipenda kuliko zote.