Darubini ya Mara Nane

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa mbele wa duka, Mama Lenzi alifungua wa nyuma. Mlango huo ulitazama mbuga tupu, nyasi na anga hadi macho yanapokoma, na ndio uliofanya duka lijengwe pale mwisho wa lami, jirani na kituo cha mafuta. Mtu hawezi kuchagua darubini kwa kutazama ukuta. Alipuliza vumbi kwenye lenzi kwa kipulizio cha mpira, akazifuta kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda ukingoni, kisha akazipanga mezani kwa kufuata nguvu zake: mara nane, mara kumi, mara kumi na mbili. Mwisho wa meza palikuwa na nafasi ya ile nzito ya mara kumi na tano, ambayo ilikuwa imeshauzwa, na hakuna aliyeagiza nyingine.

Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa na somo moja tu, na wawindaji wote wa eneo lile walikuwa wameshalisikia. Nchi ya wazi, aliwaambia, humdanganya mtu. Akiuona umbali ule anadhani dawa yake ni darubini kubwa. Lakini mkono wa binadamu unatetemeka, hata wa mwenye kiburi, na ukimkuza mnyama mara kumi na tano umeukuza na mtetemo wako mara kumi na tano. Tena duara unaloona ndani ya darubini linakuwa jembamba, unaona bega na humwoni mwenye bega. Anayetembea kwa miguu achukue mara nane, imetulia, inaonyesha kitu pamoja na majirani zake. Mwenye mahali pa kuegemea, mara kumi. Zaidi ya hapo, nunua stendi ya miguu mitatu au kaa nyumbani na watoto.

Wanaume walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaomba kubwa. Aliwatania kwamba ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Walicheka, wakaondoka na kubwa.

Saa tano kasoro dakika kumi, kama hakukuwa na mteja, alichukua darubini, akaegemeza viwiko juu ya nusu mlango wa nyuma, akamtazama mumewe.

Mumewe alikuwa amekufa mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita. Alisimama kwenye jiwe jeupe, kilomita moja na nusu kutoka dukani, amevaa koti lake la kahawia, nyasi zimemfika kifuani, akipunga kofia. Alipunga kwa dakika nne hivi, kisha akawa hayupo. Ukimwendea kwa miguu ulikuta jiwe lililopakwa chokaa na nyasi zilizolala upande mmoja, basi. Kwa macho matupu hakuonekana, alihitaji lenzi.

Wiki za mwanzo, watu wa kituo cha mafuta walikuja kumtazama wakipokezana. Halafu wakaacha, maana magari hayasubiri. Mwenye duka, aliyemwajiri Mama Lenzi, aliuliza kama jambo lile linaharibu lenzi. Mama Lenzi alimjibu kwamba haliharibu, na mwenye duka akasema kama ni hivyo hana neno.

Mama mkwe wake alikuja kila Ijumaa na kigoda chake. Aliketi mlangoni, akashikiwa darubini kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, akamtazama mwanawe mpaka dakika zikaisha.

"Amekonda," alisema kila mara.

Mama Lenzi alimweleza kwamba si kukonda, ni umbali. Miezi ya mwanzo mara nane ilitosha, hata mkunjo wa kofia uliuona. Baadaye ikabidi mara kumi. Sasa ilikuwa mara kumi na mbili, na kwa shida. Kila mwezi mumewe alirudi nyuma kidogo pamoja na jiwe lake, ingawa jiwe lenyewe, ukilifuata kwa miguu, lilikuwa palepale. Mama mkwe alisema hayo ya umbali ni maneno ya dukani. Yeye ndiye aliyemnyonyesha, na akikonda anamjua.

Kitu alichokitaka yule bibi kabla hajafa kilikuwa sentensi moja. Ripoti ya kifo cha mwanawe ilikuwa na kurasa mbili, na katikati ya ukurasa wa pili ilisema: marehemu aliondoka mahali alipoagizwa kukaa, bila ruhusa. Bibi hakujua kusoma, lakini alikuwa ameoneshwa mahali sentensi ilipo, na aliweza kuiwekea kidole bila kukosea. Mwanawe alikuwa mfuata nyayo wa wawindaji kwa miaka ishirini. Mfuata nyayo anayeondoka mahali pake ni mjinga aliyejiua mwenyewe, na bibi hakuwa amezaa mjinga. Alitaka sentensi ile itoke.

Mambo yalikuwa hivi. Mfuata nyayo alimwongoza mkandarasi mmoja wa barabara, mtu mnene, mpole, aliyependa kuwinda pofu, wale swala wakubwa kama ng'ombe, kila msimu. Utaratibu wa kazi ile ni wa zamani na kila mtu anaujua: mfuata nyayo huwekwa mbele, mahali palipo na alama, awaangalie wanyama wanakoelekea. Wakishapita, anapunga kofia. Kofia ikipungwa, maana yake usipige, wamepita, aliyeko mbele yako sasa ni mimi.

Mkandarasi alikuwa juu ya kichuguu, mita mia tatu kutoka kwenye jiwe, na shingoni ana darubini mpya ya mara kumi na tano. Aliielekeza kwenye nyasi. Duara zima likajaa rangi ya kahawia, na rangi ile ilikuwa ikitetemeka kama ngozi ya mnyama anayefukuza nzi. Kofia ilikuwa juu ya duara, nje yake. Alipoiinua bunduki, darubini ya bunduki nayo ikamwonyesha kile alichokwisha kukiamini, akapiga. Katika maelezo yake aliandika kwamba alikuwa amemwagiza mfuata nyayo abaki garini.

Darubini ile aliuziwa na Mama Lenzi. Siku hiyo alianza kumpa somo lake, akafika kwenye habari ya mikono, na mwenye duka akakohoa. Ile ya mara kumi na tano ilikuwa imekaa kabatini miaka mitatu. Basi Mama Lenzi akaisogeza karibu na ile ya mara nane iliyokuwa tayari mkononi mwa mkandarasi, akasema, "Chukua hii, bosi. Utaona kila kitu." Sentensi hiyo haikuandikwa kwenye ripoti yoyote. Ilimuuma usiku na mchana, na baadaye ikaacha kuuma, akabaki anaijua tu.

Ofisa wa wanyamapori alikuja mara moja, na daftari. Alisimama kwenye nusu mlango, akatazama dakika zote nne, akaandika kwamba hali ya hewa ni shwari. Alisema macho hayana pazia, ameona, mtu yule yuko kwenye jiwe na jiwe ndilo mahali pa mfuata nyayo, hilo halina ubishi. Tatizo lilikuwa fomu. Fomu ina sehemu ya aliyepiga na sehemu ya waliokuwepo, na waliokuwepo sharti waweke sahihi. Marehemu hana mahali pa kuweka. Akitaka, aliyepiga anaweza kutoa maelezo mapya, na ripoti itarekebishwa siku hiyohiyo, ni kazi ya nusu saa. Alimpa mama mkwe pole, akaomba kitambaa afute miwani yake.

Wakamngoja mkandarasi mwaka mzima. Alikuja Ijumaa ya mwisho kabla msimu haujafunguliwa, saa nne na nusu, na ile darubini nzito kwenye mkoba wake. Alimkuta bibi kwenye kigoda, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Aliiweka darubini mezani, mahali pake pa zamani, akaeleza shida yake kwa Mama Lenzi kama mtu anayeeleza gari lenye kelele. Tangu siku ile, popote anapoielekeza, mbuga hii au ya mbali, anaona mtu anapunga kofia. Akitafuta pofu anamwona yeye. Alikuwa ameisafisha, ameipeleka kwa fundi, na fundi naye amemwona yule mtu, akasema lenzi ni nzima. Hakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Alitaka kubadilisha tu.

 Mama Lenzi alitazama saa ya ukutani, akachukua ya mara kumi na mbili, akampeleka mlango wa nyuma, akamwonyesha pa kuegemeza viwiko. Alishangaa kidogo kwamba sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote. Alimwambia azungushe gurudumu la kati polepole mpaka jiwe litulie.

"Ndiye," alisema mkandarasi baada ya muda.

Bibi hakugeuka kwenye kigoda. "Nani alimweka hapo?"

"Mimi, mama."

"Basi nenda ukaandike hivyo."

Mkandarasi aliendelea kutazama. Shingo yake ilikuwa imeloa jasho. Alisema kwamba haipiti siku bila kuifikiria habari ile, na bila shaka alikuwa anasema kweli. Lakini akiandika, leseni inakwenda, na Jumatatu msimu unafunguliwa, wageni wake wameshafika. Alishusha darubini.

"Maji yakimwagika hayazoleki, mama."

"Sikukuomba maji," alisema bibi. "Nimekuomba sentensi."

 Kule mbugani dakika nne zilikuwa zimeisha, na nje ya kituo cha mafuta mtu alikuwa anapiga honi. Mkandarasi alirudi mezani, akazigusa darubini moja moja kwa kidole, kisha akamuuliza Mama Lenzi, kwa sauti ya chini, ipi haifiki pale.

Angeweza kumwambia kwamba zote zinafika. Alilifikiria jambo hilo muda wa kufuta lenzi moja, kutoka katikati kwenda ukingoni. Lakini alikuwa ameshawahi kumdanganya mteja huyu mara moja, na aliijua kazi yake. Alimpa mara nane.

Mkandarasi aliipeleka mlangoni, akatembeza macho mbuga nzima kutoka kushoto kwenda kulia. Mabega yake yakashuka. "Imetulia," alisema. "Naona mpaka pembeni. Kwa nini sikuchukua hii mwanzoni?"

"Ilikuwepo," alisema Mama Lenzi.

Alimrekebishia mkanda ufike usawa wa kifua, usimgonge akitembea, akamwandikia risiti ya kubadilisha. Mkandarasi alimuaga bibi kwa heshima, na bibi akaitikia, kwa sababu salamu ni salamu.

Jumatatu msimu ulifunguliwa. Mkandarasi alikwenda na mfuata nyayo mwingine, kijana kutoka eneo jingine, akamweka kwenye jiwe lilelile jeupe, na kofia ilipopungwa aliona vizuri, kijana na kofia na koti na nyasi zote zilizomzunguka, akashusha bunduki. Hakuna aliyeumia. Aliwasimulia wenzake kwamba kwa nchi ya wazi hakuna kama mara nane, na kabla wiki haijaisha wanaume wanne walifika dukani kuiulizia. Walilisikiliza somo la Mama Lenzi mpaka mwisho, wakiitikia kwa vichwa. Mwenye duka hakukohoa, akaagiza nyingine ishirini. Ripoti ilibaki na kurasa zake mbili.

Ijumaa iliyofuata bibi alikuja na kigoda chake. Saa tano kasoro dakika kumi Mama Lenzi alimshikia ya mara kumi na mbili, na bibi akatazama sana, akasema leo haoni mtu. Mama Lenzi akatazama yeye mwenyewe. Palikuwa na nyasi tu. Stendi ya mwisho ilikuwa imeuzwa tangu Jumatano, basi alikwenda mwisho wa meza, akachukua ile nzito iliyorudishwa, akaegemeza viwiko na kuzuia pumzi kama alivyowafundisha wengine.

Alimpata. Alikuwa mdogo kama punje kwenye ukingo wa duara, na alipojaribu kumleta katikati alitoka upande wa pili. Akamrudisha tena.

"Bado anapunga?" aliuliza bibi.

Kofia ilikuwa ikitikisika. Koti nalo lilikuwa likitikisika, na nyasi, na jiwe.

"Bado, mama," alisema.